Spana Tisa za Lori la Kingi

Kamachumu, Muleba
11 Januari 1954

Kwa Mushumbusi, Maruku.

Mimi Gamaliel Rugaibula nina miaka sitini na moja. Nimewaona Wadachi wakitawala na nimewaona wakiondoka. Nimepona ndui. Nimepona ile homa ya mwaka wa kumi na nane iliyomaliza nyumba nzima nzima, nimezika kaka zangu watatu, nimetoka hai katika vita viwili vya Wazungu, na nimeliacha nyuma lori moja ambalo wewe unalijua. Natangulia kusema haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa hivihivi. Mkono ni wangu mwenyewe. Mwalimu wa kanisa alijitolea aniandikie nikamkatalia, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima, fuata tu, itashuka.

Mshenga wako alifika hapa juzi Jumamosi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na maneno mazuri. Akasema kijana mmoja wa Maruku, Rutashobya, karani wa kuandika miche ya kahawa pale stesheni ya kilimo, anamtaka binti yangu Theopista, na Theopista hakatai. Nilikunywa, rubisi ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nikauliza baba wa kijana ni nani. Alipotaja jina lako nikatoa mrija mdomoni.

Hatujasemezana miaka minane na sababu unaijua, ila naiandika iwe kwenye karatasi. Machi 1946, kambini Nairobi, tulirudisha lori la Kingi, lori la jeshi la Waingereza. Mimi dereva, wewe tanboi wangu, msaidizi wa lori. Bwana mkubwa akakunjua mkoba wa turubai: mifuko tisa, spana sita. Akauliza tatu ziko wapi. Mimi nilikuwa nimetoka likizo ya Krismasi, na muda wote huo lori lilibaki na wewe. Nikajibu, muulizeni huyu. Waliandika kwenye cheti changu kwamba dereva hakusimamia vifaa vyake. Mimi, niliyepeleka lori lile Moyale na Mogadishu na Jijiga bila kupoteza hata kifuniko cha tangi.

Sasa sikiliza. Sitaki jembe, sitaki mbuzi, sitaki kitambaa cha mama wala blanketi la baba. Nataka spana tisa za lori letu. Si spana zinazofanana nazo. Zile zile. Sita ziko huko lori lilikokwenda. Tatu unajua ulikoziweka. Siku zitakapokaa zote kwenye mifuko yake juu ya meza yangu, siku hiyo Theopista ni wenu.

Mimi,
Gamaliel Rugaibula, dereva.


Maruku
24 Januari 1954

Ta Gamaliel,

Kasinge waitu, nakuamkia. Macho yangu siku hizi hayaoni karibu, kwa hiyo nasema na mwanangu Rutashobya anaandika. Barua yako amenisomea mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilicheka nikapitwa na maneno ya mwisho.

Umesema waliandika kwenye cheti chako. Hukusema waliandika nini kwenye changu. Waliandika hivi: hafai kukabidhiwa mali. Nilirudi nyumbani nikijua kuendesha, wewe ndiye uliyenifundisha, na stesheni hapa walitaka dereva. Bwana akasoma cheti, akakikunja, akanipa ndoo ya kumwagilia miche. Ni mwaka wa nane nashika ndoo. Lori la stesheni linaendeshwa na mtu ambaye kila asubuhi anasaga gia mpaka meno yananiuma mimi.

Sikuchukua spana hata moja. Nilikwambia mbele ya bwana mkubwa, ukatazama pembeni.

Lakini kijana anampenda binti yako, nami sitamfungia njia kwa ajili ya hasira yangu. Atazitafuta. Nami nina sharti langu. Zikipatikana zote tisa, na isiwepo hata moja iliyotoka nyumbani kwangu, utakuja Maruku kwa miguu. Si kwa basi. Utasimama mbele ya wazee ninaokunywa nao na mbele ya mzee wa kanisa, na kile ulichosema Nairobi utakifuta kwa mdomo ule ule.

Wako,
Mushumbusi, kwa mkono wa mwanawe Rutashobya.

Mimi mwandishi naongeza: Baba Gamaliel, naomba unieleze spana zenyewe zikoje. Mimi najua miche tu.


Kamachumu
3 Februari 1954

Mushumbusi,

Kwa miguu nitakuja hata kwa kinyumenyume, kwa sababu najua sitakuja. Sasa mpe kijana karatasi hii, na asikae nayo karibu na moto.

Kijana, katika wilaya hii nzima hakuna mtu anayejua spana za jeshi kuliko mimi. Wahindi wanaziuza, mafundi wanazitumia, mimi nazijua. Shika haya.

Kwanza, lori letu lilinunuliwa mnadani Nairobi na Suryakant, mwenye duka la vyuma na gereji Bukoba mjini. Nililiona linapita Muleba na shehena ya kahawa nikalitambua kwa kiraka cha bati mlangoni, nilikipiga mwenyewe Jijiga. Anza kwake.

Pili, spana ya Kingi haing'ai. Ni nyeusi, nyeusi ya kupikwa, si ya rangi. Ukiona inameta kama kijiko cha harusi, hiyo ni ya dukani, iache.

Tatu, tafuta alama ya mshale. Sisi askari tuliita unyayo wa kuku, maana ni vidole vitatu vinavyokutana. Chini yake pana mwaka, 1940.

Nne, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Nambari iliyoandikwa kwenye spana ya Kiingereza ni ya bolti, si ya mdomo wa spana. Spana ya nusu ina mdomo unaokaribia inchi nzima. Za Wamarekani ndizo nambari yake ni ya mdomo. Kwa hiyo usiende na rula ukapima mdomo ukafurahi. Utaleta ya Mmarekani, itateleza kwenye nati, na vidole vyako vitalia.

Tano, hii ni siri yangu na ya baba yako. Kwenye shingo ya kila moja, upande wa nyuma, nilikata mikato miwili kwa tupa, mmoja mrefu na mmoja mfupi, ili madereva wa malori mengine wasinichezee. Isiyo na mikato miwili si ya lori letu hata ikiwa na kuku mzima.

Baba yako atakwambia zilizopotea ni zipi, ila nakutajia nami: robo, tatu ya nane, na ile kubwa ya nusu ya kukazia bolti za springi. Ile nusu ndiyo inayoniuma zaidi. Ilikuwa na uzito mkononi.

Gamaliel Rugaibula.


Bukoba
19 Machi 1954

Mzee Rugaibula, salaam.

Kijana wako wa Maruku amekuja dukani Jumamosi nne. Jumamosi ya kwanza nilimwambia sanduku lile pale, tafuta. Akakaa chini na karatasi yako, akageuza spana moja moja toka asubuhi mpaka tunafunga. Mama yangu Gangaben akamhurumia akampelekea chai. Jumamosi ya pili aliingia jikoni kwa mama moja kwa moja kuamkia, kisha sandukuni.

Amepata nne zenye mikato. Nimempa. Bei tumezungumza mimi na yeye, wewe usiulize.

Ya tano aliyekuwa fundi wangu aliondoka nayo, na sasa iko kwa mvuvi wa Kemondo, ameifunga kwenye wavu kama kizito. Ya sita utacheka. Kanisa dogo la njia ya Maruku hawana kengele, wamening'iniza rimu ya lori, na kinachogonga rimu ni spana yako. Kijana amewapelekea nyundo mpya lakini mzee wa kanisa anasema sauti ya nyundo si ile. Wanazungumza.

Mimi nauliza jambo moja. Lori nimelitumia miaka saba. Kwa spana hizi huwezi hata kufungua injini yote. Kwa nini unazitaka?

Suryakant.


Kamachumu
2 Mei 1954

Mushumbusi,

Kifurushi kimefika na basi. Nimekifungua mbele ya mke wangu Kokwijuka na Theopista, juu ya mkeka, nikazipanga.

Nne za duka, sawa. Ya mvuvi, sawa, ingawa imeliwa na maji ya ziwa na inanuka samaki wa furu. Ya kanisani, sawa, mdomo umebonyea kwa kumwita Mungu. Kijana alitia na ya saba, ameandika kwenye kikaratasi kwamba ni tatu ya nane, ile iliyopotea. Nimeirudisha. Amepima mdomo kwa rula. Nilimwambia asipime. Ni ya Mmarekani. Theopista alicheka, nikamwuliza unacheka nini, akasema, baba, mtu aliyekosea mara moja kati ya saba si mtu mbaya. Nikamwambia mimi katika kazi sikuwahi kukosea hata mara moja.

Fundi wako yule Mhindi ananiuliza kwa nini nazitaka. Nimemjibu kwamba hajui vita. Lakini wewe nakuambia. Jioni nikikaa na wenzangu hapa, nikianza kusimulia Mogadishu, daima yupo mmoja anauliza: na zile spana, Rugaibula? Miaka minane. Nikifa watazisema kaburini.

Sita ziko mezani. Hizi hazijawahi kuwa mgogoro. Sasa lete tatu zako.

Gamaliel.


Maruku
15 Mei 1954

Ta Gamaliel,

Wenzako wanauliza spana ziko wapi, nawe unapata jibu la kuwapa: Mushumbusi. Mimi wenzangu hawaniulizi kitu. Nikipita karibu na ghala wanahamisha majembe. Hawasemi, wanahamisha tu.

Sina tatu. Huwezi kudai kwangu kisichokuwepo. Lakini nimewaza kama dereva, maana na mimi ni dereva. Nairobi walikagua mkoba, hawakukagua lori. Nimemwambia kijana arudi kwa Suryakant aombe sakafu ya kebini ifunguliwe. Unakumbuka njia ya Jijiga, lori liliporuka mpaka kofia yako ikatoka dirishani? Mkoba ulikuwa chini ya miguu yangu, wazi, kwa sababu ulikuwa umeniambia nisiufunge, nikupe spana haraka. Ulisahau hilo. Mimi sikusahau, sikupata tu mtu wa kuniuliza.

Mushumbusi, kwa mkono wa Rutashobya.


Bukoba
8 Julai 1954

Mzee Rugaibula, salaam.

Hii nakala moja nimeituma kwako, nyingine Maruku, ili asiseme mtu hakuandikiwa.

Mbao za sakafu ya lori zilikuwa zimeoza na nilikuwa nataka kuzibadilisha tangu mwaka jana. Kijana aliponiomba, nikamwambia fundi afungue. Chini ya mbao, juu ya chasisi, pana pembe ambayo mkono wa mtu hauingii. Zilikuwa pale mbili, robo na tatu ya nane. Mikato ipo. Zimeshikwa na udongo mkavu, mwekundu wa kuchoma, na udongo huo si wa Bukoba wala wa Muleba. Nimewaambia wasizisugue. Nakuletea na udongo wake.

Kijana alizichukua. Alikaa juu ya tairi, akazishika mapajani kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.

Mimi nauza vyuma, mzee, siuzi maneno. Lakini ningekuwa mimi, kalamu ningeishika leo.

Suryakant.


Kamachumu
20 Julai 1954

Mushumbusi,

Nimeziona. Udongo ni wa Jijiga, nimeuonja kwa ulimi, sihitaji kuambiwa. Zilianguka. Haya, zilianguka, na kama nilisema mkoba usifungwe basi nilikuwa na sababu, vita havisubiri mtu afungue vifungo.

Usifanye haraka kuwaita wazee wako. Nane si tisa. Nimemwandikia Suryakant apime ufa wa sakafu na amenijibu: robo inapita, tatu ya nane inapita kwa shida, nusu haipiti hata ukiipaka mafuta. Kwa hiyo nusu haikuanguka. Nusu ilitoka mlangoni, na mtu. Nilipoondoka likizo kwenye Krismasi ya 1945 ilikuwepo, kwa sababu nilikaza nayo springi siku mbili kabla. Niliporudi sikuiona tena. Waliobaki na lori ni wewe na Mungu.

Mke wangu ananiambia niache. Theopista anapika, anafua, anafundisha watoto wa Jumapili, na hanitazami. Naona mnavyonitaka nilegee. Mimi sikulegea mbele ya Wataliano.

Ilete nusu.

Gamaliel Rugaibula.


Maruku
12 Septemba 1954

Kwa Baba Gamaliel Rugaibula,

Imepatikana. Tunakuletea ndani ya kifurushi hiki. Ni nusu, ina mshale, ina mwaka, ina mikato miwili. Tunaomba sasa utupe siku ya kuja.

Mushumbusi, kwa mkono wa Rutashobya.


Kamachumu
21 Septemba 1954

Mushumbusi,

Nimeishika kwa muda wa kuvuta kiko kimoja, nikaiweka chini.

Alama ya Kingi ilipigwa chuma kikiwa bado chekundu kiwandani, kisha spana ikapikwa ikawa nyeusi. Kwa hiyo weusi unaingia mpaka chini ya alama. Hii ni nyeusi juu, na ndani ya unyayo wa kuku kunang'aa. Mtu ameupiga kwa patasi, kuku mwenyewe kidole kimoja kirefu kama ana ugonjwa. Na mikato yangu miwili ni ya tupa, hii ni ya msumeno. Kijana amejaribu, ameona mikato kwenye nyingine nane akaiga, kazi si mbaya, ila amempelekea mtu ambaye hadanganyiki.

Miaka minane nasema nyumba yako si ya kuaminika, nawe unasema nakuonea. Leo nimeletewa uongo wenye uzito wa ratili moja, uko mezani kwangu. Nitaufungia sandukuni mwangu, nautunza kwa siku ya wageni.

Gamaliel.


Maruku
4 Oktoba 1954

GAMALIEL

NAANDIKA MWENYEWE. HERUFI NI KUBWA KWA SABABU YA MACHO.

SIKUJUA. KIJANA AMEKIRI. ALIENDA KWA MHUNZI AKAFANYA, AKATIA JINA LANGU CHINI. NIMEMWULIZA KWA NINI. AKASEMA, BABA, NIMETAFUTA MIEZI MINANE KITU AMBACHO SI SISI TULIOKIPOTEZA.

MIMI NILIPOITWA MWIZI NILIKUWA NIMEBAKI NA KITU KIMOJA, KWAMBA NI UONGO. SASA HICHO NACHO KIJANA AMEKITUPA.

NIMEMWAMBIA MSHENGA ASIRUDI KWAKO. RUTASHOBYA AMEACHA KAZI. TAREHE 30 ANAPANDA MELI BUKOBA, ANAKWENDA UGANDA KWENYE MASHAMBA YA MIWA. HATAKI KUKAA MAHALI WATU WANAPOHAMISHA MAJEMBE.

USINIANDIKIE TENA.

MUSHUMBUSI.


Kamachumu
26 Oktoba 1954, Jumanne

Mushumbusi, ndugu yangu,

Umesema nisiandike. Naandika, na barua namkabidhi dereva wa basi la kesho, nimemwapisha aifikishe mkononi mwako kabla hajala. Usimwache kijana apande meli mpaka umeimaliza. Iko ndefu, vumilia.

Jana jioni nilikuwa na wageni, na mmoja akauliza lile swali lao. Nikaona nimepata siku yangu. Nikamwambia Theopista alete ile ya uongo, niwafundishe wazee namna ya kutambua. Nikaishika juu nikaeleza, unyayo wa kuku, weusi, mikato. Kokwijuka alikuwa anapita na ndizi za kumenya. Mke wangu huyu katika miaka minane amesikia neno spana mara elfu, lakini spana yenyewe, ile nusu, hakuwahi kuonyeshwa, wala hii ya uongo iliyokuwa sandukuni. Zile nane nilizozipanga mkekani ni ndogo, aliona ni vyuma vya gari tu. Akasimama. Akaniambia, na wageni wapo: "Kumbe nusu ndiyo hiki? Mbona kimoja kama hiki nilikitoa kwenye mfuko wako."

Nikamwambia nyamaza, mama, hujui unachosema.

Hakunyamaza. Aliweka ndizi chini, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na muhoro. Muhoro wetu, Mushumbusi. Ule ninaokatia majani makavu ya migomba kibanjani, shambani kwangu, kila asubuhi. Umekaa ukutani kwangu tangu mwisho wa vita, umezoea mkono wangu, naunoa mwenyewe Jumamosi, na mara ngapi nimewaambia watu kwamba Buhaya nzima hakuna muhoro unaoshika makali kama huu. Nilikuwa nasema kweli. Ni chuma cha Kingi.

Akaeleza, na alieleza bila haraka. Krismasi ya 1945 nilikuja likizo. Muhoro wa nyumba kaka yangu alikuwa ameuchukua, na madukani chuma hakipatikani. Nililala siku mbili mfululizo kwa uchovu. Akafungua mfuko wangu wa jeshi afue nguo, akakuta chuma kizito chini kabisa, kimefungwa ndani ya soksi. Akadhani nimemletea. Akasema moyoni, mume wangu amefikiri juu ya kibanja. Akakipeleka kwa mhunzi Rwegasira na mkungu mmoja wa ndizi, akapewa muhoro. Nilipoamka aliniwekea chakula, akanionyesha, nikasema mzuri. Nikasema mzuri, Mushumbusi. Sikuuliza umetoka wapi.

Niligonga mpini kwenye jiwe ukatoka. Pale kwenye shina la chuma, lililokuwa limefichwa na mti miaka yote hiyo, mhunzi hakupagusa. Unyayo wa kuku. 1940, ingawa sifuri imelala. Na mikato miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi, weusi umeingia mpaka ndani.

Ndipo nikakumbuka, na kumbukumbu yenyewe ilikuja yote kwa mara moja, hata rangi ya soksi. Ile nusu ndiyo iliyokuwa ikiibwa kuliko zote kambini. Nilipokuwa naondoka likizo niliitoa mkobani nikaificha kwenye mfuko wangu, ili nikiwa sipo wasikuzidi nguvu wakaichukua. Niliificha ili kukulinda wewe. Kisha nikasahau. Kisha nikakuuza.

Yule wa swali akatazama miguu yake. Theopista hakucheka wala hakulia. Alichukua mkoba wa turubai, akausogeza mbele yangu na kusema, "Baba, mfuko wa tisa uko wazi." Nikautia muhoro humo. Hauingii vizuri, ncha imetoka nje, lakini umeingia.

Sasa nisikilize, maana haya ndiyo ninayoyafanya, na hakuna wa kunizuia.

Alhamisi alfajiri naondoka hapa kwa miguu. Dereva wa basi amenicheka akasema atanibeba bure, nimemwambia aende zake. Nitalala Kemondo, na Ijumaa kabla jua halijazama nitakuwa Maruku. Mtu wa miaka sitini na moja, maili zote hizo, na mzigo begani. Nitafutie mwingine anayeweza. Waite wazee unaokunywa nao. Mwite mzee wa kanisa. Mwite na yule anayesaga gia, na wale wanaohamisha majembe hasa. Nitasimama na nitasema hivi, naandika hapa ili kama pumzi itanikatika usome wewe: "Spana haikuibwa. Niliichukua mimi. Nilimsingizia mtu aliyeniambia kweli, na nikatazama pembeni."

Jumatatu tutakwenda mimi na wewe kwa bwana shauri, ofisa wa serikali pale Bukoba, na vyeti vyetu viwili. Nitataka yale maneno ya kwako yafutwe, na kama wino haufutiki basi yaandikwe ya kwangu juu yake. Wakisema ni mambo ya zamani, nitakaa barazani mpaka wayafanye ya leo. Unanijua. Kisha tutakwenda kwa bwana wako wa stesheni, na nitamwambia aliyekufundisha kuendesha ni nani. Akitaka kukupima, mpeleke kwenye ule mlima wa Maruku ukiwa na shehena.

Kuhusu kijana. Alidanganya, na nilifurahi alipodanganya, sasa sijui nani kati yetu ana aibu zaidi. Mwambie spana yake ya patasi nimeitundika ukutani mahali pa muhoro. Mtu aliyekaa miezi minane sandukuni kwa ajili ya binti yangu, nikimwacha aende kukata miwa, mimi ni mpumbavu mara ya pili, na mara moja inanitosha. Mshenga arudi. Asilete kitu. Rubisi, basi. Mke wangu anataka muhoro mwingine, lakini hilo ni langu, nitalitafuta mwenyewe.

Nikifika usinipokee mzigo njiani. Acha niubebe mpaka mlangoni.

Haya niliyoandika ni kweli, na wa kuyathibitisha wapo. Kokwijuka, aliyetoa chuma mfukoni. Rwegasira mhunzi, yu hai, anakumbuka mkungu ulikuwa wa aina gani. Theopista, aliyeusogeza mkoba. Suryakant wa Bukoba, aliyeacha udongo mahali pake. Na kabla ya hao wote wewe, Mushumbusi, tanboi wangu, uliyeyathibitisha Nairobi mwaka 1946, peke yako, nikiwa nimesimama karibu nawe.

Gamaliel Rugaibula.